Punje za Oksijeni kwenye Tanuri la Mikate

Mlioniaga kwa keki na saa ya ukutani nilipostaafu mliniomba niandike kazi ilivyokuwa kabla yenu. Saa nimeitundika jikoni. Inakwenda mbele kidogo, nimeshaifungua mara mbili, na mume wangu ananitazama tu. Vyeo sitavizungumzia, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili, fundi na fundi mwenzake, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika habari za watu na vyombo, na ule mkasa wa mashine za oksijeni ambao wengi wenu mmeusikia nusunusu.

Nilizaliwa Tanga, nikasomea ufundi wa umeme Dar es Salaam, kisha nikamfuata mume wangu Durban alipokuja kuuza vitambaa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikitengeneza redio na pasi za wanafunzi waliopanga vyumba Glenwood. Mwanzoni mwa 2009, vita vya Gaza vilipokuwa vimetulia, shirika letu pale Sydenham lilikuwa limejaa misaada hadi mlangoni, na likawa linatafuta mtu wa kupima mashine za hospitali kabla hazijasafirishwa. Nilikwenda kuuliza kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona ndani ya mashine ya moyo. Nikasema hivyo hivyo kwenye usaili, na nadhani ndiyo sababu walinichukua.

Karakana ilikuwa duka la zamani la samani, na mkuu wake alikuwa Anko Perumal, Mhindi mzaliwa wa Cato Manor. Alikuwa ametengeneza mashine za hospitali za serikali maisha yake yote, akastaafu, akachoka kustaafu. Siku yangu ya kwanza aliniwekea mezani mashine ya kufyonza makohozi. Nikachukua bisibisi.

"Weka chini," akasema. "Iwashe kwanza, uisikilize."

Nikaiwasha. Ikakohoa, ikatetemeka, ikaendelea.

"Inasema nini?"

"Inasema inataka kufa."

"Sote tunaelekea huko. Hii inakufa kwa nini?"

Nilikaa nayo asubuhi nzima. Ilikuwa mpira mmoja uliopasuka, wa kipenyo cha kidole. Anko hakunisifu. Aliniletea nyingine.

Misaada ilikuja ya kila namna. Watu wa Durban walitoa kwa moyo, na moyo haubagui: tulipokea magongo mazuri, vitanda vya kujifungulia, masanduku ya dawa ya kikohozi iliyokwisha muda, na kiti cha daktari wa meno ambacho hakuna aliyekiomba. Kiti kile Anko alikifanya chake cha kupumzikia mchana. Aliyepanga vyote hivyo kwenye makontena ni Papa Dido, mtunza ghala na dereva wetu, mtu wa Uvira. Alikuwa na kipaji cha kuangalia rundo la vitu na kuona namna vitakavyokaa.

Jambo lililonisumbua miaka ile ya kwanza ni kutojua. Tulitengeneza, tukafunga, Papa Dido akapeleka bandarini, basi. Gari la wagonjwa tuliloliwekea vifaa kwa mwezi mzima lilipoondoka nilimuuliza mkurugenzi nani atakayeliendesha. Akasema madereva wako huko huko. Nilitaka kujua ni wa namna gani. Wanakaa mkao gani? Mashine ya kushtua moyo niliyoiweka kushoto wataifikia kwa mkono gani? Hakuna aliyejua. Nikaanza kubandika nyuma ya kila mashine kipande cha karatasi chenye jina langu na namba ya karakana.

"Hakuna atakayepiga," Anko alisema.

Mwaka 2011 akapiga mtu. Jina lake Munir. Alikuwa fundi wa umeme wa majumbani katika mji mdogo kaskazini mwa Gaza. Fundi wa hospitali yao alipohamia nje ya nchi, walimwita Munir aje kwa wiki moja, na wiki ile haikuisha. Kiingereza chake kilikuwa cha kujifunzia, kama changu. Aliulizia fyuzi, nikamjibu, na tulipomaliza hakuna aliyekata simu.

"Ukhti Zubeda," akasema, "Durban kuna simba?"

Nikamwambia kuna tumbili, wanaingia jikoni na kuiba mikate. Mimi nikamuuliza dirishani kwake anaona nini. Akasema anaona kamba ya nguo ya jirani, na nyuma yake bahari, ila upande ule hawaruhusiwi kwenda mbali na mashua. Tangu hapo tukawa tunazungumza kila alipopata intaneti, mara nyingi kwa kompyuta ya ofisi ya hospitali, umeme ukiwapo.

Sasa nije kwenye mashine za oksijeni. Kwa ajili ya wageni wa kazi nieleze kidogo. Mashine hizi hazina mtungi wa gesi. Zinavuta hewa ya chumbani, zinaisukuma kwenye makopo mawili yaliyojaa punje nyeupe, ndogo kama mtama. Punje zinashika nitrojeni, oksijeni inapita na kwenda kwa mgonjwa. Kopo moja likishiba, jingine linachukua zamu, na la kwanza linatema lilichoshika. Ndiyo ile sauti ya kupumua mnayoisikia. Kwa hospitali ambayo mitungi yake hujazwa kwa shida, mashine kama hii ni neema, kwa kuwa malighafi yake ni hewa.

Mwaka 2012 tulipeleka shehena ya mashine hizo kwa wodi ya watoto ya hospitali ya Munir. Nilipima kila moja kwa mkono wangu, zote zikitoa oksijeni zaidi ya asilimia tisini. Kontena likafika bandari ya upande ule, likasimama. Tukaambiwa tusubiri kibali cha kuingia Gaza. Tukasubiri majira yote ya joto ya kule. Hatimaye likaruhusiwa, Munir akapiga kunishukuru, na wote pale karakana tukanywa chai kwa furaha.

Baada ya siku kadhaa akapiga tena. Sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mashine zinaunguruma vizuri. Taa ni ya kijani. Lakini watoto hawapandi."

Alikuwa na maana ya oksijeni ya damuni, ile inayosomwa na kipimo cha kidoleni. Mtoto mwenye kichomi anawekewa mrija, mashine inapumua, na kipimo kinabaki pale pale. Daktari wa wodi, mama mmoja aitwaye Hanan, alikuwa amezibadilisha moja baada ya nyingine akidhani ni moja iliyoharibika. Zilikuwa zote. Mashine zile zilikuwa za aina ya zamani, hazikuwa na kengele ya kutoa taarifa oksijeni inapopungua. Kipima oksijeni chetu kimoja tu kilikuwa hapa Sydenham, mfukoni mwangu.

"Daktari anasema kipupwe kinakuja," Munir akaniambia. "Kipupwe wodi inajaa vichanga. Anataka kujua kama azitegemee au azitoe nje zisimchukulie nafasi."

Nikamwomba anipe muda. Anko Perumal aliposikia alishuka kwenye kiti cha meno na hakukirudia kwa muda mrefu.

Tulidhani kwanza ni umeme wao. Wao wanaishi kwa jenereta nusu ya siku, na jenereta mbovu huifanya pampu ilegee. Papa Dido akatuazimia jenereta la kanisa lao, tukaliweka uani, tukaliyumbisha makusudi. Mashine ikapungua nguvu kidogo tu. Tukashuku vichujio, Munir akavibadilisha, hakuna kitu. Tukashuku mirija kuvuja. Akaizamisha kwenye maji ya sabuni, hakuona povu. Kila jibu lake la "hapana" lilinipa hamu ya kujua zaidi, na pia lilinitia hofu, kwa sababu huku tukifurahia fumbo, kule kuna mtoto anahema.

Jibu lilikuja tukizungumzia hali ya hewa. Ilikuwa Februari ya 2013, nguo zangu zilikuwa kambani tangu juzi na hazijakauka, nikawa namlalamikia.

"Kwenu kuna rutuba?" akauliza.

Nikashangaa anataka kulima. "Rutuba ipo, hasa bondeni, watu wanapanda miwa."

"Hapana, si miwa. Rutuba. Kiingereza chake kimenitoka. Kwenye hewa. Ukuta unatoka jasho."

Neno ambalo kwetu ni la udongo mzuri, kwa Kiarabu chao ni unyevu.

"Munir, unaniuliza unyevu wa hewa?"

"Ndiyo. Hapa pwani uko mwingi. Kontena lilipofunguliwa, ndani kulikuwa kunadondoka maji."

Nilimwomba asikate simu, nikamwita Anko. Anko akasikiliza, akakaa juu ya sanduku, akauliza swali moja. "Vizibo vya mirija mlivikuta?" Munir akasema kwamba vingi vilikuwa vimeanguka sakafuni mwa kontena, mirija imebaki wazi.

Hatukuwa na mashine ya kule ya kuifungua, lakini nilikumbuka moja iliyorudishwa kutoka nyumba moja Cato Manor, ya bibi aliyefariki, ikakaa stoo bila kuguswa tangu kiangazi kilichopita. Nikaiwasha. Sauti safi, taa ya kijani. Nikaweka kipima: ishirini na mbili. Hewa ya kawaida ni ishirini na moja. Ilikuwa feni ya bei mbaya. Nikafungua kopo. Punje zilikuwa zimeshikana kama sukari iliyomwagikiwa chai.

"Zina kiu," Anko akasema akizisugua kidoleni. "Zinapenda maji kuliko nitrojeni. Zikishashiba maji, hazina nafasi ya kingine."

Tungeweza kununua punje mpya. Lakini kupeleka gunia la vipunje vyeupe visivyojulikana kupitia mipaka ile, kila mtu alikubali, kungechukua muda mrefu kuliko kontena. Anko akasema kiwandani huzikausha kwa joto kali, digrii mia tatu hivi. Oveni ya jikoni kwangu haifiki huko. Papa Dido, aliyekuwa mlangoni akisubiri kupakia, akasema, "Bibi yangu iko na four ya mikate." Four kwao ni tanuri.

Mkewe, Mama Espérance, Mrundi, alikuwa akioka mikate Cato Manor na kuuza hadi Overport. Tulikwenda mchana, alipomaliza kuoka. Akatazama ndoo yangu ya punje.

"Hii kitu iko nini?"

"Ni ya mashine za kupumulia," nikamjibu. "Ya watoto wagonjwa, Palestina."

"Na mikate yangu? Watu watakufa?"

"Tumekuja na trei zetu, na zitabaki zetu."

Akafikiri. "Bon. Lakini munifagilie four kwanza na kisha."

Mara ya kwanza tulishindwa. Tulizioka vizuri, tukazitandaza mezani zipoe, tukazirudisha kwenye kopo, na kipima kikasoma arobaini. Niliudhika sana. Ni Mama Espérance aliyeuliza, akiwa anafunga mikate yake kwenye mifuko, kwa nini tunaziacha wazi. Yeye biskuti akiziacha wazi Februari zinalainika kabla ya chai. Mimi na Anko tukatazamana. Hapo hapo tukaoka tena, safari hii tukazimimina zikiwa moto ndani ya bati kavu, tukabana mfuniko, zikapoa humo. Tulipozirudisha tukazichekecha kwanza tukiwa na barakoa, maana vumbi lake halifai mapafuni, tukakaza springi ili zisisagane, tukaweka kichujio kipya mbele ya mrija. Kipima kikapanda taratibu, kikatulia kwenye tisini na moja. Papa Dido akasema "eish" kwa sauti ndogo, akaenda kumweleza mkewe, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na ameona mwenyewe.

Lilibaki tatizo moja. Munir angejuaje kama zake zimekauka, hana kipima? Kumjaribia mtoto mgonjwa Daktari Hanan asingekubali, na hata mimi nisingekubali. Nikarudi kwenye masomo ya sekondari: kijiti chenye kaa hung'aa kikikutana na oksijeni. Nikanunua udi wa vijiti, nikakaa uani siku kadhaa nikilinganisha. Kwenye hewa ya kawaida ncha inafuka tu. Kwenye arobaini inang'aa. Kwenye tisini inawaka mwali mweupe mara moja. Jambo hili tulilifanya nje, mbali na kila kitu, kwa sababu oksijeni na moto si mchezo. Ninyi mna vipima, msiniige.

Nikamwonyesha Munir kwa kamera. Neno la tanuri sikuhitaji kumfasiria. Akacheka akasema, "Tannur tunalo." Jirani yake alikuwa mwokaji mikate. Mafuta yalikuwa haba, kwa hiyo mwokaji akakubali kumpa tanuri pale tu mikate inapotoka, kabla halijapoa. Munir akawa anasimama mlangoni na bati zake mikononi, wanunuzi wakimuuliza anauza nini.

Siku ya kujaribu aliweka kompyuta kwenye ukuta wa ua wa hospitali. Nikamwona akishika kijiti cha udi. Kikafuka, kikafuka, kisha kikawaka mwali. Akatazama kamera.

"Tena," nikamwambia.

Akarudia, kikawaka.

Siku iliyofuata Daktari Hanan aliruhusu mashine moja irudi wodini, mitungi ya gesi ikiwa karibu kwa tahadhari. Niliomba nisikilize. Kompyuta Munir aliiacha koridoni, sikuona kitu ila ukuta wa kijani, lakini nilisikia. Kulikuwa na kitoto kichanga cha kike, Lina, kinahema haraka kama anayekimbia. Muuguzi alikuwa akisoma kipimo cha kidoleni kwa Kiarabu ili daktari asikie. Mimi Kiarabu changu ni cha chuo cha utotoni, cha kusomea bila kuelewa. Lakini namba zile nilizijua, kwa sababu ndizo tunazohesabia sokoni Tanga. Alisema namba ya themanini. Tena themanini na kitu. Mashine ikawa inapumua, kopo hili, kopo lile. Anko alikuwa ameinama karibu na spika, haelewi neno, ananitazama usoni. Kisha muuguzi akasema, polepole, tisini, na baada yake tisini na kitu, na nikasikia kiti kikivutwa na mtu akikaa.

"Amesema nini?" Anko akauliza.

"Tisini."

Anko akaenda uani. Nilimwacha.

Kabla kipupwe kile hakijaisha, mashine zote zilirudi wodini. Lina alitoka hospitali. Munir aliniambia mama yake alitaka kujua Durban iko wapi, akaonyeshwa kwenye ramani, akasema ni mbali mno kwa mtu kujishughulisha. Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka kwetu bila vizibo vilivyobanwa kwa waya na pakiti za kunyonya unyevu. Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nikiwasumbua juu ya vizibo.

Mwaka 2014 vita vikaja tena, na simu ya Munir ikanyamaza. Sitaandika sana juu ya wiki zile. Timu ya madaktari wetu ilikuwa inajiandaa kwenda na haikujua itaingia lini. Tuliandaa mabegi ya vifaa vya majeraha, Papa Dido akayapanga na kuyapangua. Kila asubuhi nilipiga namba ile kabla ya kuvua mtandio. Anko, aliyekuwa ameanza kuugua miguu, alikuja kila siku akakaa tu.

Munir alipopiga hatimaye, alisema kwanza yuko hai, na mkewe, na watoto. Kisha akasema duka la mikate halipo. Mwokaji alivunjika mguu, lakini yuko. Mashine walizishusha chini ya jengo zisipigwe, bomba la maji likapasuka huko, zikalowa. Nikaanza kumpa pole, nikawaza pa kupata tanuri jingine.

"Tanuri nimetengeneza," akasema. "Subiri nikuonyeshe."

Alikuwa amechukua pipa la mafuta, akalivika udongo na sufi ya kioo ya kushika joto, akaweka koili za majiko ya umeme yaliyookotwa kwenye vifusi, na kidhibiti joto cha pasi mbovu. Punje zilikauka ndani ya bati lililofungwa, lenye tundu dogo la kutolea mvuke, tundu likazibwa zikiwa bado moto. Hakukuwa na haja ya kumimina wala kukimbizana na hewa. Ilikuwa bora kuliko njia yetu, na nilimuuliza maswali hadi umeme wake ukakatika.

Wengi wenu mnadhani lile pipa la kukaushia lililoko uani ni kazi ya Anko Perumal, Mungu ampumzishe. Anko alishika tochi tu. Pipa ni la Munir. Tulilijenga mwaka 2015 kwa maelekezo yake, na tulipolikamilisha nilimpigia kwa simu yenye kamera alikague. Akaniambia nilizunguke. Akasema koili ya kushoto imekaa juu mno. Akasema mlango nimeuweka upande usiofaa, lakini si neno. Kisha akaniambia nisimame.

"Nyuma yako ni nini?"

"Geti. Barabara."

"Geuza simu, Ukhti Zubeda. Nionyeshe barabara."

Nikafungua geti. Ilikuwa saa ya shule kutoka. Watoto wa Sydenham walikuwa wakipita na sare zao, mashati nje ya suruali, mmoja anakula chipsi, teksi inapiga honi, mwanamke kwenye robot, zile taa za barabarani, anabishana na mwuza ndizi. Sikuona kitu cha kuonyesha, lakini nilinyoosha mkono nikaushikilia. Munir akawa anawatazama watoto wakirudi nyumbani. Kundi moja lilipita, likaja jingine, teksi ikaondoka, na mkono wangu ukaanza kuuma.

"Basi," akasema baadaye. "Nirudishe kwenye pipa."